Samaki Aliyeacha Kuitika

Siku Ambakisye alipoacha kuwepo, mkewe Tupokigwe alikuwa jikoni anamenya ndizi, na alisikia kishindo kimoja tu. Alidhani ni kigae. Tangu asubuhi mumewe alikuwa juu ya paa akibadilisha vigae vya umeme wa jua vilivyokufa, na kila kilipomponyoka alimwita amwokotee. Akasubiri aitwe. Hakuitwa. Akamenya ndizi nyingine, na nyingine tena, huku ametega sikio. Ukimya ule ndio uliomtoa nje, kisu bado mkononi.

Jua lilipofika utosini, ua ulikuwa umejaa watu. Wanaume walikuwa wamekoka moto chini ya turubai, wanawake wametandika mikeka sebuleni. Bupe, dada mkubwa wa marehemu, alikwisha kuchagua sare ya msiba: kitenge cha rangi ya chungwa chenye duara za zambarau. Mashine ya kuchapa vitenge ilisimama barabarani juu ya bajaji ya mizigo, ikitema doti moja baada ya nyingine, zikiwa za moto kama chapati. Nyuma ya bajaji hiyo alishuka wakala wa kiwanda cha Rangi Hai. Alivua viatu mlangoni, akampa pole kila aliyeketi mkekani, kisha akaomba kipande cha sare.

Alipitisha kalamu ya kusomea rangi juu ya kitambaa. "Chungwa hii tutaipata bila shida. Zambarau tutaiweka kwenye mapezi. Mwito uwe nini?"

"Ambakisye," alisema Bupe. "Jina lake zima. Hatutaki mambo ya kukatakata."

Tupokigwe hakuulizwa. Alikuwa chumbani, ameegemezwa ukutani na wanawake wa kwaya, na wakati ule hata angeulizwa jina lake mwenyewe asingelijua.

Siku ya kuanua matanga, samaki akaletwa.

Kyela nzima ilikuwa nao. Watu waliwaita waitikaji. Ni samaki wadogo wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, na kila mmoja alitiwa rangi ya sare iliyovaliwa msibani, akawekwa ndani ya kioo kitupu juu ya meza ya sebuleni. Ukitaja jina la marehemu, samaki anawaka. Rangi inafumka kutoka kichwani hadi mkiani, kama mtu amelipuliza kaa. Basi watu husema, ameitika. Hakuna aliyedai kwamba marehemu yumo ndani ya samaki. Mchungaji alikwisha kulihubiri hilo, na waumini walisema amina kwa sauti. Kisha walirudi nyumbani, wakaita.

Aliyetangulia kuita alikuwa Mama Sekela, mama mzazi wa Ambakisye. Aliinamia kioo, kilemba kikimteleza. "Ambakisye. Mwanangu." Samaki akawaka. Bibi yule akakaa sakafuni palepale, miguu imenyooka, akacheka. Hakuwa ametoa sauti yoyote tangu mazishi.

Bupe akafuata. Aligonga kioo kwa pete yake, kama wakala alivyowafundisha, gonga kwanza ndipo uite. Samaki akawaka hadi ukuta ukageuka chungwa. Kisha mjane akasogezwa mbele. Alisema jina kwa sauti ya kunong'ona, na samaki akamwakia na yeye. Ndugu wakapiga vigelegele. Tangu kishindo kile, Tupokigwe hakuwa amepata usingizi wa maana. Siku ile aliupata.

*

Mila mpya ilisema mwitikaji akae na mjane mpaka mwaka utimie. Wakala aliacha maagizo. Taa ya kioo isizimwe, kwa sababu rangi hai hunywa mwanga. Ndani pasiwekwe kitu, ili asipate pa kujificha na wageni wamwone kila upande. Agongewe kioo na kuitwa kila siku, asije akasahau mwito wake.

Tupokigwe aliyafuata maagizo kwa muda. Lakini mfiwa ana nafasi kubwa ya kutazama. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, akamtazama samaki, na jinsi siku zilivyokwenda akaanza kuona mambo ambayo wageni hawakuyaona. Samaki yule alihema haraka, matamvua yakifunguka na kujifunga kama mtu aliyekimbizwa. Alikwenda na kurudi, akigonga kioo kwa mdomo, hadi mdomo ukachubuka. Ngozi yake haikuwa na ute. Tupokigwe amekulia Matema, ameshika samaki wabichi tangu hajaota meno ya pili, na anajua wanavyoteleza mkononi. Alipomgusa huyu kwa kidole, alimkuta mkavu kama gamba la kitunguu ingawa alikuwa ndani ya maji. Pembeni ya pezi palikuwa pameota utando mweupe, kama pamba.

Hakukata shauri lolote. Jioni moja alikifunika kioo kwa kitenge kwa sababu mwanga ulimuumiza macho yake mwenyewe, basi. Asubuhi alipofunua, samaki alikuwa ametulia chini, anahema polepole. Kesho yake akafunika tena.

Halafu akaenda ziwani. Alirudi na madumu ya maji ya huko, maana ya bomba yalikuwa na dawa iliyomwasha samaki, na kikapu cha mawe yenye ukijani. Alitia chumvi kidogo kwa ajili ya ule utando. Aliyapanga mawe yakaacha mapango na vichochoro. Samaki aliingia humo, asionekane kutwa nzima. Tupokigwe alishikwa na hofu, kana kwamba amefiwa na mtu yuleyule kwa mara nyingine. Siku iliyofuata alimwona nje, anakwangua ule ukijani kwa mdomo wake mbovu, taratibu, kama mtu mwenye kazi zake. Utando ukatoweka. Mdomo ukapona. Mwishowe akawa anakuja juu kuchukua chakula kidoleni.

Jumapili moja, baada ya ibada, Tupokigwe alimwita. "Ambakisye."

Samaki akaja kwenye kioo kutafuta chakula. Rangi haikufumka. Akamwita tena, mdomo ukiwa karibu na maji. Samaki alimtazama kwa jicho moja, akageuka kurudi kwenye mawe.

Wiki hiyohiyo Bupe alikuja na mama yake.

"Mbona giza humu? Umemfunga jela?" Bupe alivuta kitenge, akawasha taa, akaona mawe. "Na hii ni nini, machimbo? Wifi, kaka hajawahi kuishi kwenye machimbo." Aligonga kioo kwa pete, mara tatu za nguvu. "Ambakisye!"

Samaki akaruka kutoka kwenye mawe, akawaka. Mama Sekela akapiga makofi, machozi yakimtoka. "Haya, yupo. Yupo, mwanangu."

"Sasa wewe mwite," Bupe alimwambia Tupokigwe.

"Nimemwita asubuhi."

"Mwite tukiwepo."

Tupokigwe alikaribia. Hakugonga. Alipotaja jina, samaki alikuwa amekwisha kumtambua. Akatulia, na rangi yake ikafifia, ikafifia zaidi, kama taa inayoishiwa. Mama Sekela aliangalia pembeni kwa adabu, na adabu hiyo iliuma kuliko tusi.

"Wifi," Bupe alisema, akijifunga mtandio, "kaka yangu ana neno na wewe."

Neno hilo lilifika gulioni kabla ya Bupe mwenyewe kufika. *Mumewe hamwitikii.* Wauza mchele walimpimia bila kumtania. Kwenye benchi la kwaya, aliyezoea kuketi naye aliweka mkoba katikati yao. Yapo mambo ambayo kila mtu anayajua kuhusu mjane asiyeitikiwa. Huenda marehemu aliona kitu siku ile akiwa juu ya paa. Huenda alisukumwa na mawazo. Hakuna aliyelisema kwa ukamilifu, na kwa hiyo hakukuwa na wa kumjibu.

Kisha ukaja ujumbe wa Baba mkubwa Mwaisumo, mkuu wa ukoo, kwa kinywa cha Bupe. Kabla ya kumbukumbu ya mwaka, samaki apelekwe kiwandani akachovywe rangi upya. Siku ya kumbukumbu amwitikie kila mtu, mjane akiwemo. Asipomwitikia mjane, atahamia kwa Bupe.

"Na wewe, wifi," Bupe alimalizia, "utafikiria pa kwenda. Kiwanja ni cha ukoo. Mwanamke ambaye mwenye nyumba hamtaki, anakaa humo kwa lipi?"

*

Kiwanda cha Rangi Hai kilikuwa njia ya kwenda Itungi, jengo refu lisilo na madirisha. Tupokigwe alifika na ndoo yenye kifuniko. Alipokewa na fundi aliyeitwa Gwakisa, mwanamume mnene, mchangamfu, vidole vyake vina rangi za misiba ya wilaya nzima.

"Pole sana, mama." Akafunua ndoo. "Eh! Huyu unamlisha nini? Amenona kama diwani."

"Haitiki."

"Haitiki kabisa, au hakuitikii wewe?"

Tupokigwe alitazama sakafu. "Mimi."

"Wengine wanamgongea kioo?"

"Wifi yangu anamgongea."

"Wewe humgongei."

"Sipendi kelele."

Gwakisa akacheka, si kwa ubaya. "Basi hajaharibika. Amekuzoea tu. Njoo uone."

Alimpitisha kwenye chumba chenye vioo vimepangwa ukutani kama masanduku ya posta. Katika kimojawapo kulikuwa na samaki wa kijani mwenye madoa ya njano. Juu yake kipaza sauti kilisema, kwa sauti nzuri ya kike, "Babu Mwandemele." Ukasikika mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Samaki akajipigiza kwenye kioo, akawaka. "Babu Mwandemele," sauti ikarudia, na mlio ule ukafuata.

"Hiyo nini?"

"Umeme kidogo. Hauui." Gwakisa alijifuta mikono, akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Rangi hai si wino, ni chembe. Kwanza samaki anavuliwa rangi yake ya kuzaliwa pamoja na ute, kwenye tindikali, kwa muda mfupi. Ndipo chembe zinapandikizwa chini ya ngozi. "Kila moja ni kama mwavuli. Ukikunjwa, huuoni. Ukifunguka, rangi inajaa. Sasa kinachoufungua ni ile kitu ambayo samaki anaimwaga kwenye damu yake anapoona anakufa. Kwa hiyo tunamfundisha. Jina, umeme. Jina, umeme. Baadaye jina lenyewe linatosha. Kule kugonga kioo nyumbani ni kumkumbusha."

Tupokigwe alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Kwa hiyo anapowaka anaogopa."

"Ndiyo hivyo."

"Haitiki."

"Kuitika ni neno lenu, mama. Sisi tunasema mwako."

"Mbona hamwambii watu?"

"Hatufichi. Hakuna anayeuliza." Alikwangua rangi kucheni. "Mimi mwenyewe ninaye wa marehemu mama yangu nyumbani. Nimemtia rangi kwa mikono hii. Na kila asubuhi namwita."

"Anakuitikia?"

"Anawaka," alisema Gwakisa, akaenda kurekebisha kipaza sauti ambacho hakikuwa na kasoro.

Aliporudi alikuwa amevaa glavu. Alimweleza jinsi itakavyokuwa. Akichovywa mara ya pili, miavuli haitakunjika tena. Atawaka kwa yeyote, hata mtu akikohoa, maana ile hofu itabaki wazi mwilini mwake kama bomba lililokatika koki. Kumbukumbu ataiona. Masika, hapana. Na asipochovywa, akaachwa na mawe yake na giza lake, chembe zitakufa moja moja kwa kukosa hofu, na rangi ya kuzaliwa itarudi.

"Chagua. Wengi wanachovya," alisema. "Tindikali iko tayari."

Tupokigwe alisimama na ndoo miguuni. Alifikiria siku ya kuanua matanga, jina alilolinong'ona, na samaki alivyomwakia, na usingizi ule. Mwako ule nao ulikuwa wa umeme. Alimfikiria Mama Sekela sakafuni, miguu imenyooka, akicheka. Kama angenyamaza, bibi yule angeendelea kuitikiwa, na huyu akifa angeletewa mwingine, mpaka naye azikwe. Nyumba ingebaki. Benchi la kwaya lingemrudia. Na samaki ni samaki. Yeye mwenyewe alikula samaki juzi, na ugali wa moto, akalamba vidole. Lakini yule alikufa mara moja. Hakuitwa kila asubuhi aje afe tena, huku watu wakipiga makofi.

"Mama? Nilete wavu?"

"Niletee kifuniko changu," alisema Tupokigwe.

*

Siku ya kumbukumbu watu walivaa sare. Sebule ilikuwa chungwa na zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, na nje sufuria za pilau zilikuwa zikinung'unika juu ya mafiga. Baba mkubwa Mwaisumo aliketi kwenye kiti chenye mikono, amempa mjane ubavu. Katika ukoo huu bado walishika ile desturi ya wazee, kwamba mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, wala na ndugu zake, uso kwa uso, wala hamkazii macho. Tangu aolewe, kila neno kati ya Tupokigwe na mzee huyo lilikuwa limepita kwa mtu wa tatu.

Bupe alikifunua kioo. Ndani palikuwa na mawe, na maji ya kijani kidogo. Samaki hakuonekana.

"Yuko wapi?"

"Yumo."

Bupe aligonga. "Ambakisye!" Akagonga tena, pete ikilia. Kitu kikasogea kwenye pango, kichwa kikachungulia. Watu walisogea mbele. Hakikuwa chungwa. Kilikuwa cha buluu, na mistari myeusi imeshuka ubavuni, na alama chache za rangi ya sare zimebaki pembeni ya pezi kama madoa ya mchuzi. Kikarudi ndani.

"Hukumpeleka," alisema Bupe.

"Nilimpeleka. Sikuruhusu achovywe."

"Ili asikuumbue mbele za watu!" Bupe alipandisha mkono wa gauni, akautumbukiza kwenye maji hadi kiwikoni, akaanza kung'oa mawe. Moja likaanguka sakafuni, likamwagia maji watoto waliokaa mbele. Tupokigwe alimshika wifi yake kifundo cha mkono.

"Toa mkono."

"Niachie!"

"Toa mkono wako nyumbani kwake, Bupe."

Hakuwahi kumwita jina tupu. Bupe aliduwaa, na mkono ukatoka wenyewe, ukichuruzika. Toka kwenye kiti chake mzee akakohoa.

"Mwambieni mwali huyo," alisema akitazama mlango, "kwamba mwitikaji ni mali ya ukoo."

Watu walimgeukia aliyezoea kupeleka maneno. Tupokigwe hakumsubiri. Aligeuka, akatembea hadi mbele ya kiti, akamtazama mzee machoni.

"Baba mkubwa, nasema na wewe."

Mzee aligeuza shingo.

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mbele yako." Akaonyesha kioo. "Samaki huyu hajawahi kuitika. Nimeona wanavyofanywa. Wanatajiwa jina, wanapigwa umeme. Rangi inafunguka akidhani anauawa. Mlimgongea, akawaka, mkasema kaka anawapenda. Mimi sikumgongea, akatulia, mkasema mume wangu hanitaki. Miezi hii yote mmenipita gulioni kama mchawi kwa sababu kuna kiumbe kimoja tu humu ndani ambacho hakiniogopi."

"Uongo!" Bupe alisema. "Nani kakwambia?"

"Waliomtengeneza. Kawaulize, hawafichi."

"Kaka alikuwa ananijua! Mimi ndiye nilimbeba mgongoni, mama akiwa shambani. Nikimwita tu..." Alibaki ameshika mkono wake uliolowa kana kwamba umevunjika, na kwa mara ya kwanza Tupokigwe aliona kwamba Bupe naye, mwaka ule wote, alikuwa akiita tu.

Ndipo Mama Sekela aliposogea. Alikuwa amekaa mkekani karibu na kioo, na alijiinua kwa kushika meza.

"Mwanangu. Hata siku ile nilipocheka?"

Hapo Tupokigwe angeweza kusema, mama, siku ile sijui. Lilikuwa jibu dogo, lisilomgharimu kitu, na sebule nzima ingemshukuru.

"Hata siku ile, mama."

Bibi alitazama mawe. "Ungeniachia."

"Ningeweza. Nilifikiria sana."

"Na?"

"Nikakataa. Nisamehe, mama, lakini nilikataa. Ambakisye hakuitika. Hajaitika hata mara moja tangu alipoanguka, sio kwako, sio kwangu, na tulikuwa tunamwonea kiumbe mwingine ili tusilijue hilo."

Mama Sekela alirekebisha kilemba, akatoka nje, akaenda kukaa na wapishi. Alionekana kupitia mlangoni akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Baba mkubwa alipoongea, aliongea na Tupokigwe mwenyewe, bila kutafuta mtu wa katikati, na watu wengi walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowashtua kuliko yote. Alisema ukoo hauwezi kukaa bila mwitikaji. Ataagizwa mwingine, wa rangi ileile, na atakaa kwa Bupe. Habari ya kiwanja itazungumzwa baada ya mavuno.

"Izungumzeni," alisema Tupokigwe. "Nitakuwepo, nitasikiliza. Siondoki."

"Na hicho je?" mtu aliuliza, akionyesha kioo.

"Kile kina kazi gani tena?" Bupe alisema, akijifuta macho kwa upindo wa sare. "Sio kaka yangu yule, ni kitoweo. Baki naye. Mkaange."

Kuna aliyecheka nyuma, akaziba mdomo. Kisha pilau ikaletwa, kwa sababu ilikuwa tayari, na watu walikula. Tupokigwe alipiga magoti, akaokota jiwe lililoanguka, akalirudisha ndani ya maji polepole ili lisichafue. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyemzuia pia.

*

Mavuno yamepita, na habari ya kiwanja haijazungumzwa. Huenda mzee amesahau, huenda anangoja. Tupokigwe amemaliza kuezeka lile paa, vigae vyote, kwa mafundi aliowaita mwenyewe.

Kwa Bupe kuna mwitikaji mpya. Inasemekana anawaka vizuri sana. Jumapili baada ya ibada Mama Sekela hupitia huko kwanza, akamwita mwanawe, kisha hushuka hadi kwa Tupokigwe kunywa chai. Hawazungumzi habari za kule anakotoka. Safari ya mwisho bibi aliuliza samaki wa buluu anakula nini, akaambiwa anakula ukijani wa mawe na kile anachopewa kidoleni. Akasema, "Mh." Akaomba sukari.

Na tangu mwezi uliopita Tupokigwe ana shughuli nyingine. Jumamosi ndiyo siku wafiwa wanapokuja kiwandani na vipande vya sare kuagiza. Yeye hukaa upande wa pili wa barabara, kwenye kigoda, na kila anayepita humpa pole, kisha humwambia mwako ni nini. Wengi wanaendelea na safari yao. Mwanamume mmoja alimtukana, akaingia, akaagiza wawili. Mama mmoja wa Ipinda alisimama kwa muda mrefu sana akikunja na kukunjua kitambaa chake, halafu akarudi alikotoka. Mlinzi amekwisha kuambiwa amwondoe, lakini upande ule wa barabara si wa kiwanda, na Tupokigwe amemwambia hivyo, akimtaja kwa jina, mbele ya watu.

Siku za Jumamosi geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Yeye hufika saa moja na nusu.